Machinjio ya zamani na banda lake: tazama sakafu kwanza

Kwa wanaouliza namna ya kutambua magofu ya machinjio ya kijiji huku Mikindani na Lindi: kuta haziwezi kukusaidia sana. Mawe ya matumbawe hubebwa kujengea nyumba nyingine, boriti za mikoko huoza, makuti ndiyo huondoka mwanzo. Kinachobaki ni sakafu, na sakafu ina habari nyingi.

Fagia mchanga, kisha mwaga ndoo moja ya maji. Sakafu ya kuchinjia huinama, kama sentimita 2 kwa kila mita, na maji yatakimbilia mferejini hadi kwenye shimo la damu. Huku kwetu kibla ni kaskazini kabisa, kwa hiyo angalia mfereji umekaaje ukilinganisha na upande huo, maana koo la mnyama huelekezwa huko. Sakafu ya banda, yaani pale mnyama alipongojea kuchinjwa, haina mfereji wa namna hiyo. Tafuta mashimo ya nguzo na hori la maji.

Banda lilikaa jirani kwa sababu mnyama hupumzishwa kabla ya kuchinjwa, anapewa maji bila malisho. Aliyechoka nyama yake huharibika upesi.

Tafadhali sana, ukuta uliosalia msiuzibe kwa saruji. Unyevu na chumvi hunaswa ndani, na chokaa ya zamani inamomonyoka nyuma ya lipu. Tumieni chokaa na mchanga usio na chumvi, kipimo 1 kwa 3, na mlowanishe jiwe kwanza.