Kuhesabiwa kwa simu

Ikifika Desemba Wachaga wakianza kurudi kwao Kilimanjaro kula Krismasi, watu wa Dar wana utani wao, Wachaga wanaenda kuhesabiwa. Nimeusikia toka niko mdogo, nimebanwa kwenye siti ya basi pale Ubungo katikati ya viroba vya mchele na madumu ya mafuta ya kula, na sikuwahi kuufikiria mara mbili. Nimekuja kuuelewa huku Guangzhou, China, ninakosoma, tarehe 25 Desemba 2024, Jumatano, nikiwa darasani.

Ndio, darasani. China Krismasi sio sikukuu ya serikali, maduka makubwa yanawekwa miti na taa nzuri tu lakini ofisi, benki na vyuo ni kazi kama kawaida. Usiku wa tarehe 24 vijana wanapeana epo. Epo kwa Kichina ni pingguo, na ule usiku wa mkesha wanauita Ping'an ye, usiku wa amani, sasa vile maneno yanavyofanana ndo ikawa zawadi. Mwenzangu wa chumbani aliniletea moja kwenye kiboksi chekundu kimefungwa utepe. Alijua siku hii kwangu ni kubwa, na niliguswa sana.

Kwetu ni Kilema, upande wa Vunjo. Yaani kuanzia tarehe 20 hivi kihamba chote, yaani shamba la migomba na nyumba za ukoo, kinabadilika, magari ya Arusha, Dar na Mwanza yanaingia mpaka usiku, vijana wanang'oa majani kwenye makaburi ya mababu maana kwetu tunazikana hapo hapo nyumbani kwenye migomba, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshapikwa siku kadhaa nyuma na harufu yake unaikuta kabla hujafika getini, na sisi wasichana tuko na bibi tunamenya ndizi za mtori mpaka mikono inakuwa myeusi kwa utomvu. Wanaume wanachinja huko nyuma, kisusio, ile supu ya damu, kinatangulia kwa wazee, halafu nyama inagawanywa na kila mtu ana sehemu yake kulingana na nafasi yake kwenye ukoo, hujichukulii tu. Baada ya hapo babu anakaa anauliza. Wa Mwanza wamefika? Wa Dar je? Anawataja mmoja mmoja kwa jina, na ambaye hayupo lazima mtu asimame aeleze yuko wapi na anaendeleaje. Nilikuwa naona anachelewesha chakula. Mungu anisamehe.

Jioni ya mkesha nilienda misa kwenye kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, wenyeji wanaliita Shishi, nyumba ya mawe, na kweli lote ni mawe, lilijengwa kuanzia 1863 mpaka 1888, wamisionari wanafika kwetu Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 hili lilikuwa limeshasimama. Watu walijaa mpaka nje, wengi wamekuja kupiga picha. Wimbo niliujua, maneno sikuyajua, nikaimba ya kwetu kwa sauti ya chini.

Siku yenyewe nilipotoka darasani nikapika mtori. Huku jimbo la Guangdong wanalima ndizi nyingi ila nilizopata mimi ni zile za kuiva, nikachukua mbichi kabisa sokoni, nikaweka nyama ya ng'ombe na mifupa. Ukatoka na utamu ambao sio wake. Tulikula Watanzania wanne, mmoja Mnyakyusa, yeye ndizi anazijua, akaomba tena. Nilipoenda kunawa nikaona vidole vyangu vyeusi, nikasimama pale kwenye sinki nikalia.

Whatsapp huku haifunguki bila VPN kwahiyo mdogo wangu alikuwa ameshaweka WeChat, ile ya Wachina, kwenye simu yake. Kwangu ilikuwa saa 3 usiku, kwao saa 10 jioni, wameshakula. Akampa babu simu. Nikasema shimbonyi Meku, ndio salamu yetu kwa mzee, akaitikia, akauliza umekula? Nimekula. Hapo uko na nani wa kwetu? Nikamwambia hakuna Meku. Akanyamaza. Halafu nikamsikia anaongea na watu, akataja jina langu na la baba yangu na la baba yake baba, akasema huyu yuko China, anasoma, ni mzima, amekula. Watu wakaitikia wote kwa pamoja kwa Kichaga.

Naandika hii ni Januari 2025, mwaka mpya wa Wachina safari hii ni tarehe 29 na bweni karibu lote limebaki tupu. Wanaita chunyun, siku 40 nchi nzima iko njiani inarudi makwao, matreni yamejaa. Juzi nilimsindikiza mwenzangu stesheni, anaenda Hunan, mimi nimebeba begi la zawadi yeye kashika tiketi na simu, na njia nzima bibi yake anapiga, treni inaingia saa ngapi, umevaa nguo ya baridi, nani anakuja kukupokea. Ilipoita mara ya nne akaona aibu akataka kuikata. Nikamwambia pokea.