Siku moja ndani ya studio ndogo ya usanifu wa picha

Saa 2:00 asubuhi
Kompyuta bado zimezimwa. Kilicho mezani ni prufu, yaani nakala ya majaribio, ya kipeperushi cha kliniki, karatasi ya A4 inayokunjwa mara mbili ili kupata kurasa tatu kila upande. Tunaikagua chini ya taa nyeupe ya kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), maana taa ya rangi ya manjano huifanya karatasi nyeupe ionekane ya maziwa na bluu ionekane imechafuka.

Kabla ya rangi tunaangalia mikunjo. Milimita 297 usizigawe kwa tatu sawasawa. Ukurasa unaoingia ndani unapaswa kuwa mwembamba kidogo, kwa hiyo tunagawa 100, 100 na 97. Ukiweka 99 mara tatu, ukurasa wa ndani hugonga mkunjo na kujipinda, na kipeperushi kinakataa kulala. Kosa linalojirudia sana liko kwenye upande wa pili wa karatasi: ile 97 iliyokuwa kulia sasa lazima iwe kushoto. Mbunifu akinakili ukurasa wa kwanza bila kugeuza vipimo, maandishi yote ya upande mmoja yanahama milimita 3 kutoka kwenye mikunjo yake.

Karatasi hii ni ya gramu 170 kwa mita ya mraba. Ikikunjwa kinyume na mwelekeo wa nyuzi zake, wino hupasuka kwenye mkunjo, hasa pale penye rangi nzito. Tunamwandikia mpiga chapa mambo mawili: nyuzi ziende sambamba na mkunjo, na mstari wa kukunjia upigwe kwanza kwa mashine.

Saa 3:00 asubuhi
Kazi kubwa ya siku ni ripoti ya mwaka ya chama cha akiba na mikopo. Jedwali la mteja lina safu nyingi za tarakimu, na ombi lake ni fupi: zipendeze. Hapo ndipo tunaporudi kwa watu wa Isotype, mfumo wa kuonyesha takwimu kwa picha uliozaliwa Vienna miaka ya 1920 chini ya Otto Neurath. Kanuni yao kuu ni kwamba kiasi kikiongezeka, ongeza idadi ya alama, usikuze alama. Tuseme wanachama wamepanda kutoka 400 hadi 800. Ukichora mtu mmoja mwenye urefu maradufu, na upana wake pia unakuwa maradufu, hivyo eneo linakuwa mara nne, na jicho linasoma eneo. Msomaji ataondoka akiamini chama kimekua mara nne. Mchoro mzuri, habari ya uongo. Ukiweka mtu mmoja kwa kila wanachama 100, mstari wa watu 4 na chini yake mstari wa watu 8, hakuna cha kueleza zaidi.

Alama za Isotype zilichorwa na Gerd Arntz, na nyingi alizichonga kwenye linoliamu, zulia gumu la sakafuni linalochongeka kwa kisu. Kisu hakibembelezi: kila mstari usio na kazi ni kero kwa anayechonga, na usahili ule unatokana pia na hapo. Sisi tunatumia kompyuta, kwa hiyo hatuna kizuizi hicho na inabidi tujiwekee. Kila alama tunaichapa ikiwa na urefu wa milimita 5. Kama mkono umeungana na kiwiliwili, kuna kitu cha kuondoa.

Lakini tunachokithamini zaidi katika timu ile ni kazi aliyoifanya Marie Reidemeister, aliyekuja kuitwa Marie Neurath. Alikaa kati ya wenye takwimu na wachoraji. Alizisoma tarakimu, akaamua nini kilinganishwe na nini, kisha akampa mchoraji rasimu. Studio ndogo huiruka kazi hiyo kwa sababu haina jina kwenye ankara. Kwetu imepewa saa nzima ya asubuhi. Kwa penseli tu, kila chati inaandikiwa sentensi moja ya kile inachosema. Chati isiyopata sentensi inabaki kuwa jedwali, na jedwali lililopangwa vizuri, lenye tarakimu zilizolingana upande wa kulia, halina aibu yoyote.

Saa 5:00 asubuhi
Alama za kuelekeza watu hospitalini. Mwalimu wetu hapa ni mbunifu Mjerumani Otl Aicher na picha zake za alama za Michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972, zilizojengwa kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya nyuzi 45. Gridi yetu ni mraba wa vipande 24 kwa 24, unene wa mstari ni vipande 2, na pembe ni hizohizo. Kizuizi hicho ndicho kinachofanya alama ya maabara na alama ya wodi ya wazazi zionekane ndugu, hata zikichorwa na watu wawili tofauti.

Kwa maandishi tunaanzia na herufi kubwa yenye kimo cha milimita 25 kwa kila mita 7 au 8 za umbali, halafu tunaongeza, maana mgonjwa mwenye haraka si msomaji mtulivu. Tofauti ya mwanga kati ya herufi na usuli isipungue 4.5 kwa 1. Kisha kibao kinachapwa kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi za A4 zilizounganishwa, kinabandikwa ukutani, na tunasimama mbali nacho, taa zikiwaka na zikizimwa. Laminesheni ya kung'aa, yaani utando wa plastiki juu ya kibao, tunaikataa kabisa: dirisha moja likiakisiwa juu yake, neno zima linapotea.

Saa 8:00 mchana
Kupanga maandishi ya ripoti. Programu nyingi hukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo “mwanafunzi” anaweza kukatwa katikati ya silabi. Tunazima ukataji huo na tunapanga maandishi yaanzie kushoto, kulia yaache yalivyo. Safu nyembamba yenye maneno marefu ikinyooshwa pande zote mbili hujaa mianya. Safu ya herufi 45 hadi 65 kwa mstari inapumua vizuri.

Kuna pia ng' yetu. Mteja akinakili kutoka sehemu mbalimbali, ile koma ya juu huja kwa maumbo tofauti ndani ya ukurasa mmoja. Tunazitafuta zote na kuweka umbo moja lililopinda, kisha tunaangalia kama fonti imeacha pengo kati ya g na herufi inayofuata. Pengo likiwepo, linabanwa kwa mkono kwenye vichwa vya habari.

Saa 9:30 alasiri
Lebo ya chupa ya duara, kipenyo milimita 70. Mzingo ni kama milimita 220, tunaongeza 5 za kupandiana, na hizo 5 hazipakwi wino wala vanishi ili gundi ishike. Anayetazama mbele huona vizuri theluthi moja tu, yaani milimita 73 hivi. Jina la bidhaa likae humo.

Saa 10:30 jioni
Ukaguzi wa mwisho kabla faili za ripoti hazijaenda kiwandani. Blidi, yaani rangi inayozidi nje ya mstari wa kukatia, milimita 3 kila upande, maandishi milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Picha nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa nao: picha yenye upana wa pikseli 1200 haizidi sentimita 10. Maandishi madogo ni nyeusi tupu asilimia 100, yachapwe juu ya rangi nyingine. Yakijengwa kwa wino nne, pleti moja (bamba la kuchapia la rangi moja) ikisogea kidogo tu, herufi zinapata vivuli vya rangi pembeni. Jumla ya asilimia za wino zote nne kwenye sehemu za giza isipite 300 kwa karatasi laini, la sivyo haukauki na unachafua karatasi ya juu yake. Kurasa zigawanyike kwa nne kwa sababu zinashonwa kwa pini katikati. Faili inatoka kama PDF/X-4, aina ya PDF ya kazi za uchapaji.

Saa 11:30 jioni
Kuhifadhi. Nakala moja ina maandishi yanayoharirika pamoja na fonti na picha zake, nyingine ina herufi zilizogeuzwa michoro. Sentensi za penseli za chati nazo zinapigwa picha na kuwekwa kwenye folda hiyohiyo, kwa sababu ripoti ya mwaka ujao itaanzia hapo.