Siku moja maishani mwangu: kesho tunapiga Bagamoyo

Saa 11:00 alfajiri

Kabla sijachemsha chai nafungua jedwali la maji kwenye simu. Watu wakisikia mimi ni prodyuza wa video hudhani nashinda naongelea kamera. Kazi ya kesho imeshapangwa na mwezi. Ni mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua: maji yatakupwa mbali sana asubuhi kuelekea saa nne, halafu yatajaa hadi juu kwenye saa kumi jioni. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua hilo bila jedwali.

Tunapiga filamu fupi ya dakika tano kuhusu mafundi wa mashua. Kuna mashua moja imepandishwa mchangani kwa matengenezo, na mwenyewe anangoja bamvua aishue, yaani aishushe majini. Yeye anaweza kushua hata keshokutwa. Sisi bajeti yetu ni ya siku moja.

Saa 1:30 asubuhi

Mwongozaji katuma orodha ya picha kwenye grupu. Ya kwanza kabisa: "Saa nne, mashua, bahari nyuma yake." Namrudishia picha ya jedwali bila neno. Saa nne kesho hapo nyuma kutakuwa na mchanga na matope, bahari utaitafuta kwa macho. Isitoshe, ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi ukielekeza kamera baharini jua linakupiga usoni na mashua inabaki kivuli. Jioni jua liko mgongoni mwako, linamulika mbao zote.

Anajibu baada ya dakika kumi: "Sawa, basi jioni." Tumemaliza. Mazungumzo hayo yangefanyika kesho mchangani, watu sita wamesimama juani, yangekula saa nzima.

Saa 2:00

Ofisini Sinza, Dar es Salaam, mimi na mpiga picha tunakagua vifaa. Hatuhesabu mifuko, tunawasha kila kitu. Kamera inarekodi, maiki inasikika kwenye spika za masikioni, mguu wa kamera unafunga bila kuteleza. Betri iliyojaa inapata tepu ya kijani, isiyojaa haipati kitu. Memori kadi zote zinafutwa leo hapa mezani, baada ya kuhakikisha kazi ya nyuma imehifadhiwa kwenye diski mbili. Kesho hakuna mtu atakayeruhusiwa kufuta kadi yoyote, hata akiapa.

Hesabu ya nafasi ni rahisi: picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde zinakula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 128 haifikishi saa tatu. Tunabeba nne.

Mahojiano yatakuwa ndani ya banda la fundi, lenye taa za umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tunapiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zinaweza kucheza kwenye picha na hilo huwezi kulifuta kirahisi kwenye uhariri.

Droni tumeiacha. Inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, juu ya vibali vingine, na picha yenyewe tungeitumia sekunde sita. Wateja wanapenda droni kuliko watazamaji wanavyoipenda.

Saa 3:30

Nachapa nakala za kibali cha Bodi ya Filamu: ya gari, ya serikali ya mtaa, ya BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, pale dikoni, wanaposhushia samaki. Ukiwa na karatasi mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Saa 4:00 hadi 6:00

Njiani. Foleni ya Tegeta. Hakuna la kusimulia.

Saa 6:00 mchana

Namkuta fundi mkuu amechuchumaa chini ya mashua, nyundo ya mti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na hao watu wa picha?"

"Watakuja kesho, mzee. Leo nimekuja kuangalia."

Anarudi kwenye kazi yake. Anasokota pamba kama anasokota utambi, anailaza kwenye mshono kati ya mbao mbili, anaweka patasi butu juu yake, anagonga. Ko, ko, ko. Ikiwa bado haijakaa sauti ni nyepesi. Ikishabana inabadilika, inakuwa nzito. Yeye haangalii, anasikiliza. Hapo hapo nampigia mtu wa sauti: kesho maiki ya pili iwe chini ya mashua, karibu na patasi. Hiyo sauti ndiyo filamu.

Sasa shida. Mishono imebaki michache, na kwa mwendo ule kufikia jioni kalafati, hiyo kazi ya kuziba mishono kwa pamba, itakuwa imekwisha.

"Mzee, huwezi kutuachia kidogo ya kesho?"

"Na deheni nipake lini? Chombo kinashuka kesho saa kumi." Deheni ni mafuta ya kupaka chombo kisipitishe maji.

"Kesho tukianza saa moja asubuhi je?"

Anafikiri, anapitisha kidole kwenye mbao. Ananiachia mishono miwili karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, upande wa baharini. Nikimuuliza kama, ikibidi, anaweza kutoa pamba na kupiga tena, ananitazama kama nimemtukana. "Nikishaipiga sitoi kwa ajili ya kamera." Sawa kabisa. Kwa hiyo mishono miwili, kamera mbili, na mwongozaji nitamwambia ukweli huo leo. Kushua vilevile ni mara moja tu: mashua ikishaelea hakuna "rudieni kidogo".

Tunakubaliana malipo yake na ya vijana wake wa kusukuma. Wapo wanaodhani kumpiga mtu picha ni kumfanyia hisani. Mimi nikimwambia fundi asimame anisubiri taa, nimenunua muda wake. Fomu ya ridhaa namsomea yote kwa sauti, naye ananiuliza maswali mazuri kuliko mteja.

Saa 7:30

Nakaa ndani ya banda, nimefumba macho, nasikiliza. Jenereta ya jirani: mwenyewe amekubali kuizima saa tatu hadi nne. Kuku: wataondolewa. Adhana: tunasimama, tunangoja, hakuna mjadala. Upepo wa kusi unazidi mchana, kwa hiyo mahojiano yanabaki asubuhi, baada ya kalafati, na maiki inavaa manyoya yake hata ndani.

Kwa mama ntilie wa karibu naagiza wali samaki wa watu wote, mafundi wakiwemo, saa saba kamili. Ananitaka advansi, nampa.

Saa 10:00 jioni

Narudi ufukweni kuangalia maji yanafika wapi leo, maana kesho yatafika hapo au zaidi kidogo. Nachomeka kijiti pale ambapo mguu wa kamera utasimama, hatua kadhaa juu ya alama ya mwani. Vijana wa dikoni wananicheka. Mmoja anasogeza kijiti juu zaidi. "Hapo, dada. Pale kesho utaogelea." Nakiacha alipokiweka.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani. Naandika ratiba ya kesho, ukurasa mmoja, kwa sababu wa pili hausomwi. Kuondoka Sinza saa 10:30 alfajiri. Kalafati saa 1:00. Mahojiano saa 3:00. Deheni saa 5:00. Chakula saa 7:00. Kamera zote mchangani saa 9:00, kushua saa 10:00. Namba ya dereva, ya zahanati ya karibu, ya mwenyekiti wa BMU. Chini nimeongeza: kofia, maji, nguo za kubadilisha kwa watakaoingia baharini.

Betri za mwisho zinachajiwa sasa hivi, umeme ukiwa bado upo.

Saa 3:15 usiku

Nimetuma kwenye grupu. Tiki mbili za bluu kila mahali, kimya. Dereva peke yake ndiye kajibu: "Kumi na nusu nipo getini, dada." Wengine nitawapigia mmoja mmoja saa kumi kasoro robo.