Kwa Mwendo wa Watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii karibu kila hitaji la maombi lililoletwa na wazazi wenye watoto wadogo lilihusu saa zilezile: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Asubuhi nyumba ina amani. Mchana siku inakwenda. Jua likianza kushuka, mtoto wa miaka 2 anajitupa sakafuni kwa sababu amepewa kikombe cha bluu, wa miaka 4 anamng'ata mdogo wake, mchanga analia habembelezeki, mboga inaungua jikoni, na mama anafoka maneno ambayo saa tatu, nyumba ikishatulia, anayatubia kwa machozi. Kesho yake hivyohivyo. Wanaomba Mungu awape uvumilivu. Nimeomba pamoja nao, lakini moyo wangu haukutulia hapo, maana naona tunaomba nguvu za kubeba mzigo ambao sehemu yake tumejitwisha wenyewe.

Neno lililonishika ni Mwanzo 33. Yakobo na Esau wameshakumbatiana na kulia. Esau, mtu wa nyika, mwenye watu 400 nyuma yake, anasema twende, nami nitakuwa mbele yako. Yakobo anamjibu kwamba watoto ni wadogo, na katika mifugo wamo wanaonyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Tangulia wewe, bwana wangu. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo iliyo mbele yangu na kwa mwendo wa watoto.

Najua wapo watakaosema Yakobo alikuwa anamkwepa ndugu yake. Ni kweli, Seiri hakwenda, aligeukia Sukothi. Lakini sababu aliyoitoa haikuwa ya uongo. Hebu pigeni hesabu. Alimtumikia Labani miaka 20, na katika 7 ya kwanza hakuwa na mke. Kwa hiyo kati ya wale wana 11 na Dina dada yao, mkubwa kabisa alikuwa na kama miaka 12, na Yusufu kama 6. Msafara mzima ni watoto. Usiku uliotangulia walivushwa kivuko cha Yaboki gizani, na sidhani kama kuna aliyelala vizuri. Baba yao mwenyewe anachechemea, uvungu wa paja lake umeguswa. Huyo ndiye anayesema: tutakwenda kwa mwendo wao.

Kilichonichoma ni pale anaposema siku moja tu. Mchungaji wa miaka yote hiyo alijua kwamba kondoo anayenyonyesha hahitaji mwezi wa mateso ili afe. Siku moja ya kusukumwa inatosha. Nasi tunawasukuma watoto kila jioni, kisha tunashangaa kwa nini nyumba inalia.

Mwendo wa mtoto mdogo ni tumbo lake na usingizi wake. Tuanze na tumbo, maana vita vingi vya jioni vinaanzia hapo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 hula kwa mlo mmoja robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima, basi. Ndiyo maana anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, pamoja na kunyonya. Aliyekula wali saa saba mchana, saa kumi na moja ana njaa, na chakula cha wakubwa kinaiva saa mbili. Saa hizo tatu katikati ndizo za kilio. Hajui kusema njaa inamuuma, anasema hataki kikombe cha bluu. Mpeni kitu saa kumi, saa kumi na nusu isipite: ndizi mbivu, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, parachichi, au kikombe cha uji.

Uji wenyewe uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Ule mwepesi unajaza tumbo maji, na baada ya muda mfupi mtoto anadai tena. Ukitaka kuuongezea nguvu, tia kijiko cha karanga za kusaga, au maziwa. Na hapa niwaambie wanaosagisha unga wa lishe: kurundika nafaka saba na soya mbichi hakumfanyi mtoto anenepe. Soya isiyopikwa ikaiva inasumbua tumbo. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu hayasafishiki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Hiyo ni sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chambueni punje kabla ya kusaga, mtupe zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Karanga nzima msimpe mtoto aliye chini ya miaka 5, humpalia. Na chai ya majani jioni iacheni: inafukuza usingizi, na ikinywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili wake ungeyapata. Bwana alipomfufua binti Yairo, watu wakiwa wamepigwa na butwaa, aliagiza apewe chakula. Tusione haya kuhesabu ndizi ya saa kumi kuwa huduma.

Kisha usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Sasa mchukueni mtoto wa chekechea ambaye basi la shule linapita saa kumi na mbili kasoro robo. Anaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ili apate usiku huo saa 10, zile za chini kabisa, lazima awe ameshalala saa moja na nusu. Saa moja na nusu wengi wetu ndiyo kwanza tunakata vitunguu.

Na mtoto aliyepitisha usingizi wake halali upesi. Anachangamka, anakimbia ukumbini, anacheka ovyo, na sisi tunasema huyu bado hajachoka. Amechoka zamani. Alama zake zilipita nusu saa iliyopita: alisugua macho, akavuta sikio, akataka kubebwa, akaacha kuchezea alichokuwa akichezea. Hapo ndipo pa kumlaza. Kama nyumba yenu imezoea saa tatu, msirudi nyuma muda wa saa mbili nzima kwa siku moja, mtapambana bure. Vuteni dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Na usingizi wa mchana uishe kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo usiku hautafuti kitanda.

Mpango wa jioni unaofaa ni huu: kitu kidogo cha kula saa kumi, kuoga saa kumi na moja na nusu, chakula cha watoto saa kumi na mbili na nusu, maombi, kitandani. Waogeni kabla ya kula. Tukigeuza, mtoto akala ndipo akaogeshwa, tunambeba akiwa nusu usingizini hadi kwenye beseni la maji, naye anaamka akipiga mayowe. Chakula cha watoto kiepueni mapema, kabla ya pilipili. Si lazima wasubiri baba aketi. Katika beseni yatangulie maji ya baridi, ya moto yafuate, kisha jaribuni kwa kiwiko. Anayetanguliza ya moto, akaenda kuchota ya baridi, anarudi na kumkuta mtoto ameshaingiza mguu. Televisheni izimwe saa nzima kabla ya kulala. Maombi ya mtoto wa miaka 3 yawe ya dakika tatu, nne, ndani ya chandarua: wimbo mmoja, shukrani moja ya siku hiyo, Baba Yetu, basi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema tuwafundishe watoto tuketipo, tutembeapo, tulalapo na tuondokapo. Saa ya kulala imo humo, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima sala iwe ndefu.

Hata mkifanya yote haya, mtoto atajigaragaza siku moja moja. Akishafika hapo, mahubiri hayaingii. Chuchumaa hadi macho yenu yalingane, sema maneno machache kwa sauti ya chini: ulikitaka kikombe kile, leo tunanywea hiki. Kisha nyamaza, kaa karibu, ondoa kinachoweza kumuumiza, ngoja. Usimpe ulichokwisha kumkatalia, kwa sababu utakuwa umemfundisha kwamba sakafuni ndipo pa kuombea. Akitulia, mkumbatie, endeleeni na shughuli, usilifufue jambo lililopita. Na vitisho vya uongo viacheni, hasa kile cha daktari na sindano. Mtoto aliyetishwa hivyo anapelekwa kliniki akiugua homa na anapigana na muuguzi, na kosa ni letu.

Kuhusu mchanga asiyenyamaza: tazama njaa, nepi, joto, nguo inayombana, mcheulishe. Ukiwa umefanya yote na unahisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, mwite jirani. Usimtikise kamwe. Shingo yake haijakaza, na mtikiso mmoja wa hasira unaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Wapo wanaopofuka, wapo wanaokufa. Kumweka chini na kutoka nje si kumtupa. Na akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea haamki vizuri, au akishikwa na degedege, hapo si deko wala si pepo wa jioni: ni kituo cha afya usiku huohuo, na tutaomba tukiwa njiani.

Sasa naomba niseme na akina baba, na mniwie radhi, sitalainisha.

Katika Mwanzo 33 aliyepanga mwendo ni baba. Hakumwachia Lea na Raheli watafute namna ya kuwatuliza watoto ili yeye awahi na Esau. Alisimama mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye akasema watoto wangu hawawezi. Wangapi kwetu wanasema hivyo? Mtu mmoja hawezi kupika, kuogesha na kunyonyesha ndani ya saa moja. Hiyo ni hesabu ya mikono, wala haihusiani na imani yake. Na baba yumo humohumo ndani, amekaa na simu, anauliza kwa nini hawa watoto wanapiga kelele. Mwingine anaingia saa tatu usiku, anawaamsha aliowakuta wamelala ili acheze nao dakika kumi, kisha anamwachia mama kazi ya kuwalaza mara ya pili. Mwingine anasubiri mtoto alie kwa uchovu ndipo amtafute kwa fimbo, na anataja Mithali 13:24. Kaka yangu, andiko linasema ampendaye humrudi mapema. Mapema! Saa mbili usiku, mtoto hajala wala hajalala, si mapema. Na Paulo aliposema msiwachokoze watoto wenu, alianza kwa kusema, nanyi, akina baba.

Baba unayefika nyumbani saa kumi na moja jioni: kuoga kwa watoto ni kwako, wote, na kuwavisha, na kufunga chandarua. Kwa wiki ya kwanza usimuulize mama sabuni iko wapi, itafute. Baba unayefika usiku kwa sababu ya kazi: alfajiri ni yako. Uji, soksi, kumsindikiza mtoto hadi kwenye basi. Jumamosi alasiri mpe mama saa mbili za kulala mlango ukiwa umefungwa, bila kumgongea kumuuliza kitu. Isaya 40:11 inasema wanyonyeshao atawaongoza polepole. Kama Bwana mwenyewe anapunguza mwendo kwa ajili ya mama anayenyonyesha, wewe unakimbilia wapi?

Na sisi wazee wa kanisa hatuna pa kujificha. Tumeweka jumuiya saa kumi na mbili jioni, ikaisha saa mbili na zaidi, tukawafinyia macho akina mama ambao watoto wao wanalia katikati ya maombi, tukawatoa nje wakasimama gizani na mbu. Wengine wameacha kuja, na tumewaita wavivu wa kiroho. Huo ulikuwa mwendo wa Esau, na tuliwatembeza wadogo kwa mwendo huo. Tuwaombe radhi, kila mzee kwa mama anayemjua.

Kuanzia wiki hii jumuiya yetu itaanza saa kumi kamili alasiri na kufungwa saa kumi na moja. Mkeka wa watoto utatandikwa mbele, karibu na anayesoma neno, mahali pasipokanyagwa kwa viatu. Kila nyumba inayoweza ije na ndizi chache au viazi vilivyochemshwa, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Wazazi walio kazini saa hiyo tutawatembelea Jumapili baada ya ibada. Mtoto akilia, mama abaki ameketi, anayesoma atangoja.