Kamba za Southwell
Jumamosi nilipanda basi kutoka Nottingham hadi Southwell, huku Uingereza, kuona nyumba ya maskini iliyojengwa 1824, yaani mahali walipowekwa na kufanyishwa kazi watu waliohitaji msaada. Kwa nje utadhani jumba la tajiri, matofali mekundu, madirisha yamepangana. Ingia ndani sasa! Kuta zimepakwa chokaa, nyua zimekatwa kwa kuta ndefu: wanaume kwao, wanawake kwao. Mke na mume walitenganishwa, na watoto wakawekwa kwao.

Sheria ya 1601, enzi za Malkia Elizabeth I, iliziagiza parokia, yaani mitaa ya kanisa, ziwatoze kodi wenye mali ili zisaidie maskini wao. Mwaka 1697 ikaongezwa kwamba anayepokea msaada avae begani herufi P, ya "pauper" yaani maskini (hapo nilisonya kwa sauti, watu wakageuka). Wenye kulipa kodi walipozidi kulalamika, 1834 ikaja sheria mpya: mwenye nguvu zake akitaka msaada aingie nyumba kama hii, na maisha ya humo yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Makusudi kabisa, ili watu waogope kuomba.

Kilichonikaa ni kamba. Katika nyumba hizi watu walifumua kamba kuukuu za meli, nyuzi zikatumike kuziba mianya ya mbao. Kalafati! Babu yangu kule Lamu alikuwa fundi wa majahazi, nimekua nikisikia nyundo yake. Basi nikapewa kipande nijaribu. Kigumu kama kuni. Dakika tano kucha zinaniuma, na nyuzi hazijazi hata kiganja.