Mistari minane ya diposisheni iliyotubebea kesi ya ovataimu

Mimi ni paralegali, yani msaidizi wa wakili, Columbus, Ohio, na kesi hii nilikaa nayo kama mtoto. Wafanyakazi wa ghala, wengi Wakongo, supavaiza anawaambia wapige kadi ya kutoka halafu wanaendelea kupakia malori bila malipo, na sheria ya Marekani inasema ukipita masaa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu. Tukaomba hukumu ya muhtasari, yani jaji aamue kwa karatasi kabla ya kesi kufika kwa juri, wale raia wanaosikiliza na kuamua, ila huipati kama bado kuna ubishi wa maana juu ya kilichotokea.

Silaha yetu ilikua diposisheni ya huyo supavaiza, yani mawakili wamemhoji chini ya kiapo kabla kesi haijasikilizwa, masaa matano, maandishi yake kurasa 190. Nilikesha nazo jikoni na kalamu ya njano. Ukurasa wa 84, mstari wa 11 hadi 18, kaulizwa kama alijua watu wanapakia baada ya kupiga kadi, akajibu: ndiyo, niliwaona. Niliponukuu jibu peke yake wakili akanirudishia, weka na swali lake, na soma mbele. Kweli, ukurasa wa 86 anasema labda siku mbili tatu tu. Mimi nilitaka kuuacha, wakili akakataa kabisa, akasema upande wa kampuni watauleta wao na sisi tutaonekana tumeficha. Tukauweka, tukamwomba jaji aamue tu kwamba kampuni ilijua na ina wajibu wa kulipa, idadi ya masaa ibaki kwa juri. Hapo ndo naamini kesi ilisimama imara.

Tukaambatanisha kurasa tulizonukuu tu, ukurasa wa jalada, na cheti cha mwandishi wa diposisheni kinachothibitisha maandishi ni sahihi, maana hakuna jaji atakusomea kurasa 190 atafute hoja yako.

Kampuni ikajibu na hati mpya ya kiapo, supavaiza yule yule eti hakujua kitu! Nilitetemeka. Lakini mahakama hazikubali mtu apinge diposisheni yake mwenyewe kwa hati ya baadae bila maelezo ya maana, na huyu alikua ameomba kuisoma transkripti, yani maandishi ya diposisheni, akapewa siku 30 za kurekebisha, hakugusa hata neno. Jaji akaiweka pembeni hiyo hati, akatupa upande wa wajibu.

Nikampigia mama mmoja wa Bukavu, nikamsomea uamuzi kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, akaniambia, dada, soma tena ile fasi alisema aliona sisi.