Gofu la Mkomani lina wenyewe

Jumamosi baada ya alasiri nilitoka na daftari, kalamu ya risasi na simu ya mdogo wangu, maana yangu ramani inaigandisha. Nilianzia kichochoro cha nyuma ya kwetu, hapa Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, nikihesabu magofu. Kila nyumba iliyoachwa, picha moja na alama moja kwenye ramani.

Wazo nimelitoa Detroit, Marekani. Kule watu walishindwa kulipa mikopo na kodi, nyumba zikatwaliwa, mitaa ikabaki mitupu. Mwaka 2008 serikali yao ilitenga karibu dola bilioni 4 kwa mpango wa Neighborhood Stabilization Program, fedha zikapelekwa majimboni na mijini kununua nyumba zilizotwaliwa au kuachwa, kuzikarabati au kuzibomoa. Awamu mbili zilizofuata zilifikisha jumla karibu bilioni 7. Kisha, baridi ya 2013 kuingia 2014, Detroit wakatuma watu wapite viwanja vipatavyo 380,000, picha baada ya picha. Kuna anayeishi? Imeungua? Inafaa kutengenezwa? Hesabu ya majengo na viwanja vya kushughulikiwa ikapita 84,000. Na ramani ile hawakuifungia kabatini. Mkazi aliweza kuiangalia mwenyewe.

Gofu la tatu ndilo lililonisimamisha. Ukuta wa ndani, ule wenye vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, sasa uko nje, unanyeshewa. Chokaa ya vidaka vya juu bado nyeupe, nakshi zake kali kama zimechongwa jana. Vya chini vimejaa kinyesi cha popo na mpapai umeota kwenye kimoja. Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa, akisema nyumba ya mawe huanza kufa juu. Dari, yaani paa bapa la juu, likipata ufa, maji huingia mpaka kwenye boriti za mikoko, zikioza sakafu yote ya matumbawe inashuka. Ufa huo ungezibwa kwa kazi ya siku mbili.

Nikiwa napiga picha, bibi mmoja aliyekaa barazani akaniita.

"Mwanangu, wapiga picha za nini?"

"Shikamoo bibi. Nahesabu magofu."

"Marahaba. Usiandike gofu. Ile ni nyumba, ina wenyewe."

Akanihesabia kwa vidole. Mmoja yuko Mombasa. Wawili Muscat. Wa nne alifariki, ameacha watoto saba, na wawili kati yao hawasemezani. Vidole vikamwisha, akaanza mkono wa pili.

Hapo nikaona ramani ya Detroit haitutoshi. Kwetu anayefunga nyumba si benki, ni mirathi isiyogawanywa. Wala kubomoa, walikofanya sana wao, hakutufai: nyumba za Mkomani zinaegemeana, ukiangusha moja, kiambaza cha jirani kinapasuka. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na sheria inalinda mawe yake. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo haiwakalishi warithi kumi na moja kwenye mkeka mmoja. Kabla ya hapo niliwahi kuuliza katika ofisi moja ni nani mwenye nyumba nyingine kama ile, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, mara tatu.

Ninachokitaka ni kaunti, makumbusho na mahakama ya kadhi waitazame ramani moja. Serikali itoe fedha za dari kwanza, dari tu, nyumba ipangishwe, deni lirudi kwa kodi ya pango, na haki ya kila mrithi ibaki imeandikwa pale pale.

Nimerudi nyumbani nikiwa na nyumba kumi na nne. Nimefuta neno "gofu" kwenye safu ya kwanza, nikaongeza safu ya "wenyewe". Mpaka sasa imejaa mistari mitano, yote kutoka kwa bibi yule. Jumamosi ijayo amesema nipite mapema, atakuwa amempigia simu yule wa Mombasa.